Mashimo ya Wasirikwa na rundo la mawe shambani: je, ni makaburi?

Msomaji mmoja wa Rongai, kaunti ya Nakuru, ameniandikia hivi: shamba la babu yake liko kwenye mteremko. Upande wa chini kuna mashimo saba ya duara, mapana, yenye kina cha kufika kiunoni, yote yameota nyasi. Juu, karibu na kilele, kuna rundo la mawe lenye upana wa hatua kama nane. Babu anasema mashimo ni ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, na kwamba wamezikwa humo. Jirani anashikilia kuwa chini ya mawe kuna dhahabu aliyoificha mlowezi, na tayari amemleta mtu mwenye mashine ya kutafuta madini ambaye anataka wagawane. Msomaji mwenyewe anataka kusawazisha yote apande mahindi. Anauliza ni nini hasa kilichopo pale, na afanye nini.

Nianze na mtu wa mashine, maana ndiye mwenye haraka kuliko nyote. Muageni kwa heshima aende zake. Watu wa kale waliozikwa chini ya mawe katika nyanda za juu za Bonde la Ufa hawakuwa watu wa dhahabu. Waliwekewa bakuli za mawe, michi, shanga na visu vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, na wengi hawakuwekewa kitu. Mashine italia, hilo sibishi. Shamba lililowahi kuwa la mlowezi limejaa misumari, vipande vya plau, seng'enge na vizibo vya soda. Kila itakapolia mtachimba, na kila mtakapochimba mtakuwa mnakoroga kitu pekee chenye thamani pale, yaani mpangilio wa udongo wenyewe.

Sasa tuje kwenye swali. Kwa maelezo yako, naona shamba lina vitu viwili ambavyo huenda havihusiani kabisa. Mashimo ya chini karibu hakika si makaburi. Rundo la juu linaweza kuwa kaburi, na kama ndilo, basi waliolijenga walitangulia waliochimba mashimo kwa zaidi ya miaka elfu moja, pengine elfu mbili. Babu ana haki kuhusu jina. Kuhusu waliozikwa ndipo ninapotofautiana naye, kwa heshima zote.

Mashimo ya aina hiyo yametapakaa kuanzia Nakuru, Kericho na Nandi hadi Uasin Gishu na Cherangani. Mahali pengine yako matano, mahali pengine yanapita mia. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba kilima cha Hyrax Hill, kilomita chache kutoka mjini Nakuru, mwaka 1937 na 1938, aliyaona kuwa nyumba za shimoni, kana kwamba watu walilala chini na kuezeka juu. Maelezo hayo yalidumu kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia mwingine, John Sutton, alizunguka nyanda za magharibi mwa Kenya akiyapima na kuyachimba, na akaonyesha kuwa ni mazizi. Ng'ombe ndio waliolala shimoni. Watu walikaa kwenye nyumba ndogo zilizobandikwa ubavuni, na ili kuingia nyumbani ilibidi upite zizini kwanza.

Unaweza kulihakiki hili bila kugusa jembe. Simama kwenye mdomo wa shimo upande wa mteremko unakoshukia. Ukiona ukingo umepungua hapo, kama pengo, huo ndio ulikuwa mlango. Mbele yake au kando yake kidogo tafuta tuta lililonyanyuka. Hilo ni lundo la matope na samadi yaliyokuwa yakikwanguliwa zizini msimu baada ya msimu na kutupwa nje. Kisha angalia ubavuni kama kuna kijukwaa kidogo kilichosawazishwa, maana ndipo nyumba iliposimama. Ukivipata vyote vitatu, mjadala na babu umekwisha. Katika sehemu zenye mawe mengi, hasa Uasin Gishu, kuta za ndani zilijengwa kwa mawe. Kwenye udongo mzuri kama wenu walitosheka na kuchimba na kuzungushia uzio. Kwa hiyo usitarajie ukuta.

Kwa nini mtu ajisumbue kuchimba zizi badala ya kuzungushia miiba? Wizi wa mifugo. Zizi lililozama, lenye mlango mmoja mwembamba na nyumba ya mwenyewe ikilikodolea macho, ni gumu kuvamiwa usiku. Baridi ya nyanda hizi nayo ilichangia, ingawa mimi naipa nafasi ya pili. Mazizi haya yalitumika takriban kati ya mwaka 1200 na 1700. Baadaye vita vya mifugo vilibadilika, makundi makubwa ya wapiganaji wa Kimaasai yakatawala nyika za Bonde la Ufa, na shimo lililoweza kumzuia mwizi mmoja mmoja likawa mtego kwa mwenye ng'ombe.

Wasirikwa walikuwa nani? Wazee wa Kikalenjin husimulia kuwa walikuwa watu wenye ng'ombe wengi waliofukuzwa na Wamaasai wakaelekea kusini. Sutton aliona kwamba waliochimba mashimo kwa sehemu kubwa walikuwa wasemaji wa lugha za Kikalenjin, na kwamba hawakutoweka; walibadili mtindo wa maisha, na majirani pamoja na wajukuu wakabaki na jina. Mimi naelemea upande wake. Watu hawapotei kirahisi kama hadithi zinavyopenda, na sitashangaa ikiwa damu ya Wasirikwa iko mezani kwenu kila jioni.

Kuhusu kuzikwa humo, ninaelewa fikra hiyo inakotoka. Hyrax Hill penyewe pana mifupa jirani na makazi ya Enzi ya Chuma, na chini ya mifupa hiyo kuna makaburi mengine ya zamani zaidi, ya wafugaji waliotumia zana za mawe. Tabaka juu ya tabaka. Pamepatikana hata sarafu za India, nyingine za karne ya 20, na kwenye mwamba pamechongwa bao la kuchezea. Maelfu ya miaka nyuma, Ziwa Nakuru lilipokuwa limejaa kuliko leo, maji yalifika hadi chini ya kilima hicho. Mahali pazuri huwavuta watu tena na tena, kila kizazi kikiwa na shughuli zake, kisha sisi tunakuja kuviona vyote kwa siku moja na kudhani ni vya mtu mmoja.

Twende juu kwenye mawe. Hapa nakuomba uanze na shaka. Rongai ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, na vibarua walikusanya mawe mengi ili plau ipite. Rundo la aina hiyo kwa kawaida liko ukingoni mwa shamba au mahali pasipolimika. Mawe yake ni ya ukubwa wowote, yametupwa ovyo, mengi yana makovu mapya ya chuma, na katikati yake huwa hakuna udongo. Ukiona hivyo, jirani yako amekuwa akiota dhahabu juu ya takataka za mkulima. Kaburi la kale lina sura nyingine. Lipo mahali penye mwonekano, kwenye bega la kilima au ukingo wa mwamba. Mawe yake yamezama na kushikana na udongo, yameota kuvu upande wa juu, na mara nyingi utaona duara la mawe makubwa lililozunguka ujazo wa mawe madogo. Katikati hubonyea kidogo kwa sababu kilichokuwa chini kimeoza na kushuka. Ulizia pia kama kuna wazee wa Kimaasai au wa Kikalenjin wanaolijua rundo hilo kwa jina, kwa kuwa kuna marundo ya juzijuzi tu ambayo wapita njia waliongeza jiwe kumkumbuka mtu mashuhuri. Hayo yana wenyewe, na wenyewe wapo hai.

Tuchukulie kwamba ni la kale. Hapa ndipo mambo yanapoanza kunoga.

Ng'ombe, kondoo na mbuzi walifika kwanza upande wa Ziwa Turkana, miaka kama elfu tano iliyopita. Wafugaji hao wa mwanzo walikuwa na desturi nzito ya mazishi: pale Lothagam Kaskazini walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita kama 30, na ndani yake wakazika watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake, bila dalili kwamba yupo aliyetukuzwa kuliko wenzake. Mvua zilipozidi kupungua kaskazini, mifugo ilishuka kusini pole pole, na kuanzia miaka kama 3,300 iliyopita nyanda za Bonde la Ufa zilikuwa zimejaa wafugaji. Hao ndio waliojenga marundo ya mawe. Hawakuwa na chuma. Walikuwa na vyungu vya udongo, bakuli nzito za jiwe la volkano, na visu vya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, vyenye makali ambayo wembe wa dukani hauwezi kuyadharau.

Sisi wanaakiolojia tunawagawa katika makundi mawili makuu, na kwa shamba la Rongai mgawanyo huo una maana, kwa sababu mko karibu na mpaka wao. Kundi la kwanza, ambalo makaburi yake tunayapata hadi ndani ya kreta ya Ngorongoro, lilizika maiti ikiwa imekunjwa magoti, chini ya mawe au kwenye nyufa za miamba. Kundi la pili, ambalo limepewa jina kutokana na Ziwa Elmenteita, lilikaa zaidi upande wa magharibi wa bonde, na lilipenda mapango. Lilichoma maiti. Pango la Mto Njoro, ambalo Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938, lilikuwa na mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa, wa miaka kama elfu tatu iliyopita. Wengi walikuwa na bakuli lao la jiwe na mchi wao. Kulikuwa na shanga nyingi za mawe ya rangi, zilizotobolewa kwa ustadi wa kutisha. Na kwa kuwa moto hugeuza vitu kuwa makaa, na makaa hayaozi, ule moto wa mazishi ulituhifadhia vitu ambavyo udongo ungekwisha kuvila: chombo cha mti kilichochongwa nakshi, kibuyu, vipande vya kamba. Pango hilo haliko mbali nanyi.

Ni vigumu kusema mchi na bakuli vilikuwa na maana gani kaburini. Hyrax Hill, katika yale makaburi ya chini, wanawake ndio waliowekewa sahani za mawe na michi, wanaume hawakuwekewa. Wapo wanaosema ni vyombo vya kusagia nafaka au mboga za porini, wengine wanasema ni vya kusagia udongo mwekundu wa kujipaka. Mimi naona si lazima tuchague, kwani jiko lenu wenyewe lina kinu ambacho kimewahi kutwanga dawa, njugu na viungo.

Obsidiani nayo ina simulizi yake. Kundi la Elmenteita lilichimba jiwe lake kwenye miteremko ya juu ya Mlima Eburru, na jiwe hilo lilisafiri hadi Gogo Falls kule Migori, karibu na Ziwa Victoria. Kundi jingine lilitegemea zaidi machimbo ya upande wa Naivasha. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watu hawa waliishi mlango kwa mlango, kila kundi na machimbo yake, vyungu vyake na namna yake ya kuzika. Tulikuwa tumejiridhisha kwamba walikuwa makabila mawili yenye asili mbili. Kisha mwaka 2019 yakatoka matokeo ya vinasaba vya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, na makundi yote mawili yakaonekana kuwa na asili ile ile: mchanganyiko wa watu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika wenye undugu na Mashariki ya Kati, watu wa upande wa Sudan, na wawindaji waliokuwa hapa tangu zamani. Tofauti iliyowatenganisha ilikuwa ya mila, si ya damu. Nikiri kwamba matokeo hayo yalinifurahisha zaidi ya yalivyonishangaza. Nchi yetu ina mifano hai ya jambo hilo.

Walikunywa maziwa, hilo lina uthibitisho kutoka kwenye mafuta yaliyonyonywa na vigae vya vyungu vyao. Lakini kati ya waliopimwa vinasaba, ni mmoja tu, kutoka pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi, aliyekuwa na kile kinasaba kinachomwezesha mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa. Hao wengine huenda walikunywa maziwa ya mgando, ambayo tumbo huyapokea vizuri zaidi.

Hujaniuliza walilala wapi, ila nitakwambia kwa sababu huenda ndilo jambo muhimu zaidi shambani kwenu. Makaburi yao yanaonekana kwa kuwa ni ya mawe. Boma zao zilikuwa za fito, matawi na samadi, na leo zimebaki udongo tu. Zinatambulika kwa nyasi. Huko Narok, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima maboma matano ya kale, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700, na kukuta kwamba udongo wake hadi leo una fosforasi, kalisi na magnesi nyingi kuliko udongo unaouzunguka. Mazizi yaliyohamwa yaligeuka viwanja vya majani mabichi, wanyamapori wakavifuata, samadi yao ikaongezeka, na rutuba ikajiendeleza yenyewe kwa milenia tatu. Kwa hiyo ukiwa na sehemu ya duara shambani ambayo majani yake ni mazito na ya kijani hata kiangazi, na udongo wake ni wa kijivu, laini, wenye vipande vidogo vya mifupa na mawe meusi makali, hapo ndipo watu walipoishi. Pachunguze kabla ya rundo la mawe.

Wala usidhani nyanda hizo zilikuwa za wafugaji peke yao hadi wazungu walipokuja. Huko huko Rongai, kwenye shamba la Deloraine, kulichimbwa kijiji cha Enzi ya Chuma chenye umri wa miaka elfu moja na zaidi, na ndani yake zikapatikana punje za wimbi zilizoungua. Mtu aliyezikwa pale, katika zile sampuli 41, ndiye aliyeonyesha undugu na wasemaji wa lugha za Kibantu wa leo. Wimbi na ng'ombe vilikuwa vikikutana Rongai kabla mtu yeyote hajachimba shimo la Kisirikwa.

Sasa mahindi yako. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya unapogundua mahali pa namna hiyo, na hairuhusu kuchimba kutafuta vitu vya kale bila kibali, hata kama ardhi ni yako na hati iko kabatini. Kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale. Najua hofu inayofuata: kwamba ukitoa taarifa serikali itachukua shamba. Mahali hutangazwa kuwa urithi wa taifa kwa tangazo la Gazeti Rasmi, na mwenye ardhi ana nafasi ya kupinga. Sehemu kubwa ya mashimo ya Sirikwa nchini hayajatangazwa na hayatatangazwa, ni mengi mno. Kinachofanyika kwa kawaida ni mtu kuja, kupima, kupiga picha, kuandika kwenye rejista na kuondoka.

Kwa hiyo panda mahindi, lakini acha mashimo na lile tuta la samadi mbele ya kila mlango, na acha rundo pamoja na mita kadhaa kulizunguka. Katika ekari kadhaa hutapoteza hata magunia mawili. Usiyajaze mashimo kwa buldoza. Ukitaka yakupe faida, acha nyasi zenye mizizi mifupi uwakatie ng'ombe; usipande miparachichi wala mikaratusi humo, kwa maana mizizi yake itapasua sakafu ya zizi, na sakafu ndiyo yenye makaa na mifupa ya kupimia umri. Pale pengine jembe likipita, lisizidi kina lililokuwa likifika siku zote.

Mkikuta fuvu au mfupa wa mtu, simameni hapo hapo, funikeni, na mwambieni chifu na polisi kwanza. Si kila mfupa ni wa kale, na hilo si jambo la kukisia shambani. Baada ya hapo ndipo watu wa makumbusho waitwe.

Piga picha za mashimo asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, ili vivuli vionyeshe kingo. Weka panga au jembe kando kama kipimo. Simu yako itakupa namba za mahali hapo kwenye ramani (GPS). Chora ramani ya mkono yenye mashimo yote saba, milango yake inakoelekea, rundo, na kijito kilicho karibu. Vigae na mawe meusi yaliyo juu ya udongo yapige picha yakiwa yalipo, usiyakusanye kwenye kopo. Yapeleke hayo yote kwenye makumbusho ya Hyrax Hill, na babu aende nawe, kwa kuwa watamuuliza nani aliishi pale kabla ya familia yenu na mashimo yaliitwaje alipokuwa kijana. Mkishafika, pandeni kilimani mkatazame zizi lililochimbwa na kuachwa wazi, kisha mlinganishe na yenu.